Khanga ya Kwanza Ikilowa

Kasanda, jioni

Yusta mwanangu,

Umekwenda kuaga kwa shangazi yako, na najua hutarudi upesi, maana shangazi yako hamwachi mtu aondoke kwake na njaa. Nimekaa hapa barazani, sanduku lako liko miguuni pangu. Nimelifunga kamba, nikalifungua, nikalifunga tena. Sitakuandikia habari za chakula, wala za marafiki, wala za kujifunika vizuri kwenye treni. Hayo bibi yako ameyasema tangu Jumapili, na mengine nadhani ameyasema ukiwa umelala. Mimi nataka kukusimulia mwaka ule nilipochelewa kurudi nyumbani.

Kwamba nilianguka mtihani, unajua. Ulikuwa darasa la tano, na mtoto mmoja wa jirani akakutungia wimbo njiani, mama Yusta kafeli, kafeli Kasulu, mpaka ukampiga na mfuko wa madaftari ukaitwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Bibi yako alinisimulia baadaye huku akifuta machozi ya kicheko. Mimi sikucheka. Lakini yaliyonipata huko hujawahi kuyasikia kutoka kinywani mwangu, na kesho unakwenda Tanga kusomea uganga wa hospitali, mahali ambapo watakupima mwezi hadi mwezi mpaka uchoke. Sasa ndio wakati wake.

Kabla ya Kasulu nilikuwa mhudumu wa wodi ya wazazi kule Kibondo. Nilipiga deki, nikachemsha maji, nikashika mikono ya wanawake waliokuwa wakilia "mawe! mawe!" kama tunavyolia huku kwetu tukimwita mama. Niliona mengi. Nilipochaguliwa kwenda kusomea ukunga, baba yako alikuwa amekwisha kufariki, nawe nikakuacha hapa kwa bibi yako. Niliondoka na huzuni, na ndani ya huzuni hiyo kulikuwa na kiburi. Wenzangu wengi walikuwa wasichana waliotoka shuleni moja kwa moja, hawajaona hata mbuzi akizaa. Nilijiona mwalimu wa pili kabla sijakaa kwenye dawati.

Nikifumba macho sasa naiona Kasulu ile. Asubuhi ukungu ulilala chini kiasi kwamba tulikuwa tukitoka bwenini tunamsikia mpishi akikohoa jikoni lakini hatumwoni. Baridi ilitung'ata vidole, tukashika vikombe vya uji kwa mikono miwili. Tulifua sare zetu kijitoni tukiimba, na zilikauka polepole sana, siku nyingine tukazivaa zikiwa na unyevunyevu, zinanukia moshi. Maharage kila siku. Nilidhani nitayachukia maisha yangu yote, na leo hakuna maharage yanayofikia yale.

Rafiki yangu alikuwa Zainabu, binti wa mwenye duka pale mjini. Babu yake alitoka Bagamoyo, na Kiswahili chake kilitiririka kama maji, wakati sisi Waha tulisema "kurara" pale alipotaka "kulala". Alitucheka, kisha akatuletea maandazi ya iliki kutoka kwao, tukamsamehe. Alikuwa na akili kuliko sisi sote. Kitu akikisoma mara moja kimekaa.

Na mkufunzi wetu alikuwa Bi Perpetua, Mhaya, mrefu, mkimya, mwenye viatu vyeupe ambavyo havikushika tope. Tope la Kasulu unalijua. Hatukuelewa alifanyaje.

Siku ya kwanza tulisomewa tunachotakiwa kufikia. Mwanafunzi ajue hatua za uzazi. Mwanafunzi ajue hatari za uzazi. Mwanafunzi ajue usafi. Ajue, ajue, ajue. Tukajua. Tulikariri kama wanafunzi wa katekisimu, mmoja anauliza, mwingine anajibu, hata tukiwa tunachota maji. Mtihani wa kuandika ulipokuja, Zainabu alikuwa wa kwanza na mimi wa pili. Jioni ile alinunua soda, tukanywa chupa moja kwa kupokezana. Nilikwisha kuanza kupanga nguo zangu.

Kesho yake Bi Perpetua akatuita mmoja mmoja.

Chumbani kulikuwa na meza, na juu ya meza kikapu kilichotobolewa, ndani yake mdoli wa matambara, kitovu cha kitambaa kilichosokotwa, na kondo la nyuma limeshonwa kwa gunia. Bi Perpetua alisimama dirishani.

"Uko kijijini peke yako, Felista. Mtoto ametoka, analia, mzima. Kondo la nyuma bado. Damu inatoka. Endelea."

Sikufikiri hata kidogo. Nilikishika kitovu nikavuta. Lile gunia likachomoka pamoja na kitambaa kilichoshikiliwa ndani ya kikapu, vyote vikaja mkononi.

"Limetoka!" nikasema kwa furaha.

"Limetoka," akasema, "na mfuko wa uzazi umetoka nalo. Mgonjwa wako amekufa. Kanawe mikono."

Nilibaki nimelishika lile gunia. "Lakini nimeona wakivuta, Bi Perpetua. Wodini nimeona."

"Wanaovuta wanajua ni wakati gani wa kuvuta, na daktari yuko chumba cha pili. Wewe Kasanda utakuwa na nani chumba cha pili?"

Majina yalipobandikwa, langu halikuwepo. Bi Perpetua alikuwa na mambo machache moyoni mwake ambayo mkunga akikosea hata moja hapewi cheti, hata kama amepata alama zote za karatasi. Mimi nilikosea moja. Wenzangu walipita, wengine kwa kubahatisha, kama walivyokiri wenyewe wakifunga mizigo.

Zainabu ndiye aliyekasirika kwa niaba yangu. Alinishika mkono tukaenda ofisini.

"Shikamoo, Bi Perpetua. Hukumtendea haki Felista. Hukutuambia."

"Sikuwaambia nini?"

"Kwamba kuna mambo ya lazima. Ulituambia tujue hatari za uzazi. Tumezijua. Felista anaweza kuzitaja zote usingizini. Hukusema kwamba utatuwekea kikapu."

Nilidhani atatufukuza. Aliniangalia mimi. "Ungejua kwamba nitakupima hilo, ungevuta?"

"Nisingevuta. Ningefanya mazoezi mpaka mkono uzoee."

Alivuta kiti akakaa. Ilikuwa mara ya kwanza namwona amekaa mbele yetu. "Basi mwenzako amesema kweli," akasema. "Nilikosea kutowaambia. Darasa lijalo wataambiwa siku ya kwanza." Nikaanza kupumua. Kisha akaendelea, "Lakini cheti sikupi, Felista. Kosa langu halijaufundisha mkono wako kutovuta."

Neno hilo nilitembea nalo muda mrefu. Nililigeuza kila upande nikitafuta mahali pa kulilaumu. Sikupata.

Haikupita muda akaja Mzee Buchumi, mwenyekiti wetu. Unakumbuka jinsi kijiji kizima kilivyofyatua matofali ya zahanati, hata ninyi watoto mkibeba maji. Bati lilikuwa limepanda, mlango umetiwa, mkunga hayupo. Mzee alisafiri juu ya lori la mahindi hadi Kasulu na kibuyu cha asali mapajani. Nilikuwa uani nafua mashuka, nikawasikia.

"Mkunga wetu yuko wapi?"

"Anajifunza, mzee."

"Amejifunza vya kutosha. Sisi huko si watu wa kuchagua. Nipe hivyo hivyo alivyo."

"Mkweo akijifungua," akauliza Bi Perpetua, "utamtaka hivyo hivyo alivyo?"

Mzee aliiacha asali mezani, akatoka, akanikuta na mashuka. Akaniambia kwa Kiha, bila ukali, na ingekuwa afadhali angekuwa mkali, "Mwana wanje, mwanangu, watu nitawaambia nini?" Kisha akarudi nyumbani akawaambia. Ndipo ule wimbo ulipoanzia.

Nilibaki Kasulu tangu mahindi yapandwe mpaka yavunwe. Wakati huo wote sikukuandikia. Ningeweza. Duka la baba yake Zainabu lilikuwa na karatasi na bahasha, na malori ya kuja huku hayakukosekana. Nilikaa na kalamu mara nyingi, nikaandika jina lako, na baada ya salamu sikujua niseme nini. Nilidhani nitakuandikia nikishafaulu, ili barua iwe na habari njema. Mtoto hangoji habari njema, Yusta. Anangoja barua. Hilo nililijua nikiwa nimechelewa, na wewe huko Tanga ukianguka kitu chochote, niandikie siku hiyo hiyo, hata kama ni mstari mmoja.

Sasa nisikilize habari za miezi ile, maana kwa kweli ndiyo ninayoikumbuka kwa mapenzi kuliko yote.

Bi Perpetua aliamua kuandika upya yale tunayotakiwa kufikia, akaniweka mezani pamoja naye kwa sababu, alisema, mimi ndiye ninayejua maumivu ya maneno yasiyo wazi. Tulianza na neno "ajue". Akalikata. Akaandika "aweze". Tukaanza kubishana juu ya kila mstari. Aliandika, "Mkunga aweze kumpeleka mama hospitali damu ikiwa nyingi."

Nikamwuliza, "Nyingi ni kiasi gani?"

"Nyingi ni nyingi, Felista."

"Kwa mkunga mwoga ni matone. Kwa aliyezoea wodini kama mimi ni ndoo. Na kijijini hakuna chombo cha kupimia."

Alinitazama, akaenda kwenye sanduku lake, akatoa khanga yake mwenyewe. Tukaenda jikoni. Tukatia udongo mwekundu kwenye maji, tukaikunja khanga vile wazazi wanavyowekewa, tukamimina polepole kwa chupa, tukitazama doa likitambaa. Mpishi aliacha mwiko ndani ya sufuria.

"Mama, mnaiharibu nguo nzuri hivyo?"

"Tunatafuta kipimo," akasema Bi Perpetua.

"Kipimo cha nini?"

"Cha kuondoka."

Khanga ilipokuwa imelowa kabisa na kuanza kuchuruzika, Bi Perpetua aliitazama chupa, akatikisa kichwa. Alisema mwanamke aliyepungukiwa damu, kama walivyo wengi wetu huku kwa homa na kazi za shamba, hana cha kungoja baada ya hapo. Akaandika kwa mkono wake: khanga ya kwanza ikilowa, ita machela, usingoje ya pili. Nilipousoma ule mstari nilihisi kitu kimetulia ndani yangu. Mtu yeyote angeweza kuushika, na mtu yeyote angeweza kupimwa kwa huo. Khanga ile haikutakata tena. Alinipa, na ndiyo ile niliyombebea mtoto wa shangazi yako mpaka ikachanika.

Tulipomaliza ya mezani tukaenda kuwatazama waliokwisha kupata vyeti, kuona wanakutana na nini. Tulipanda Landrova ya dawa kupitia Kibondo hadi Mabamba, karibu na mpaka, alikopangiwa Zainabu. Wakati ule watu walikuwa wakivuka kutoka Burundi na mizigo kichwani, wazee kwa watoto, na wanawake wengine walijifungulia njiani. Nilitegemea kumkuta Zainabu wangu mcheshi. Alitupokea, akatukaribisha viti, akaanza kulia kabla hajamaliza kutusalimu.

Alikuwa amempoteza mama mmoja. Kondo la nyuma halikutoka. Hakuvuta. Alimkanda tumbo, akamwekea mtoto titini, akamsaidia kukojoa, kila kitu kama tulivyofundishwa. Aliona kwamba mgonjwa ni lazima aende hospitali, akasema. Mama mkwe wa mgonjwa akakataa. Zainabu akasema tena. Akakataa tena.

"Nilijua yote, Felista," aliniambia. "Nilisimama pale najua yote. Sikujua namna ya kumfanya bibi yule aniitikie. Nilimwambia kwa Kiswahili cha kitabu, akaniona mtoto wa dukani aliyekuja kumwamuru."

Bi Perpetua aliinuka, akaenda kusimama nyuma ya kiti cha Zainabu, akamwekea mikono mabegani, na tukakaa hivyo.

Njiani kurudi alisema, "Hilo halimo katika karatasi yetu."

"La kukubaliwa?"

"La kuzungumza na wenye nyumba. Linatakiwa liwemo. Lakini nitalipimaje?"

Tulibishana juu ya hilo kutoka Kibondo hadi Kasulu, dereva akitusikiliza na kuchangia. Mimi nilisema haifai kumwangusha mwanafunzi kwa sababu bibi fulani ni mkaidi. Yeye alisema haifai pia kumpa cheti kwa kuwa tu amefungua mdomo. Mwishowe tukakubaliana kupima yale yaliyo mikononi mwake. Je, ameuliza wenye nyumba wanaogopa nini, kabla ya kuwaambia la kufanya? Je, ameisema hatari kwa maneno wanayoyaelewa, bila kuahidi asichokiweza? Je, amekwisha kutuma mtu wa kuita machela wakati maneno yanaendelea? Wakikubali, wakikataa, hiyo si alama ya mwanafunzi.

Zamu yangu ya kupimwa tena ilipofika, nilikuwa nalijua kila jambo litakalopimwa, nililiandika mwenyewe. Na bado niliogopa. Kikapu kilipita vizuri. Mkono wangu haukukigusa kitovu. Kisha mlango ukafunguliwa akaingia Bibi Nyabenda, muuza ndizi wa langoni, ambaye Bi Perpetua alimwomba awe mama mkwe mkaidi. Jamani, Bibi Nyabenda! Aliambiwa akatae kidogo. Alikataa kama mtu aliyezaliwa kwa kazi hiyo.

"Oya!" akasema, yaani hapana kwa Kiha, akakaa mlangoni, miguu mbele. "Hapiti mtu hapa."

Nikamwuliza anaogopa nini.

"Siogopi kitu. Wewe ni mtoto wa nani unayekuja kuniamuru nyumbani kwangu?"

Nikamwambia mimi ni mtoto wa nani, nikamtaja mama yangu na ukoo wangu wa Kasanda. Akasema anawafahamu na hawajui kulima. Wasichana wa darasa jipya, waliosimama dirishani, waliibana midomo. Nikapiga magoti. Nikamweleza kuhusu khanga. Nikamwambia nimekwisha kumtuma mtu aite vijana wa machela. Akasema vijana wakija atawamwagia maji. Mpaka mwisho hakukubali, mwanangu, mpaka mwisho kabisa, na jasho lilikuwa likinitiririka kana kwamba kwenye kile kikapu kuna mtu anayepumua.

Bi Perpetua alifunga daftari. "Amefaulu," akasema.

Bibi Nyabenda akaruka. "Amefaulu? Na mimi sijakubali!"

"Ndiyo, bibi. Wewe umefeli," akasema Bi Perpetua, na hapo nikamwona akicheka, mikono tumboni, huku Bibi Nyabenda akilalamika kwamba wamemfanya mtu mbaya mbele ya wateja wake.

Nikarudi nyumbani. Nilikuwa nimeota siku hiyo tangu ukungu wa kwanza wa Kasulu. Ulisimama nyuma ya bibi yako, umerefuka, magoti yametoka chini ya gauni, ukaniambia "Shikamoo" kwa adabu kabisa, kama unavyomwamkia mgeni wa serikali. Nikaitikia marahaba. Ukaenda kunichotea maji ya kunawa. Adabu ile iliniumiza kuliko kama ungenirushia jiwe. Siku zile zote ulinijibu vizuri, na hukuniuliza chochote.

Kisha likatokea la nyumbani kwa Mzee Buchumi. Sehemu yake unaikumbuka, maana ulikuwepo, lakini ulikuwa nje.

Ilikuwa mchana, mmetoka shule. Mkwe wake Agnesi alijifungua salama, msichana, na kondo la nyuma halikutoka. Nilifanya yangu yote. Khanga ya kwanza ikalowa. Nikatoka mlangoni nikakuona wewe umesimama na wenzako mkichungulia, nikakuambia, "Yusta, kimbia uwaite vijana wa machela." Ukakimbia. Sijamwona mtoto akikimbia hivyo.

Mzee Buchumi alikuwa uani. Alipoelewa, akasema, "Oya. Hatoki hapa."

"Baba," nikasema, "unaogopa nini?"

Nikangoja. Kungoja pale, Yusta, na khanga ya pili imekwisha kuwekwa ndani, ndicho kitu kigumu kuliko vyote nilivyowahi kufanya.

"Mama wa wanangu," akasema, "nilimtoa hapa hapa kwa machela. Nilimrudisha amefunikwa."

Nikapiga magoti. "Baba, siwezi kukuahidi kwamba atapona. Akibaki, jua halitazama kabla hatujaanza kulia. Akienda, ana njia. Na mimi nitatembea kando yake, mkono wangu tumboni mwake, mpaka nimkabidhi kwa daktari."

"Wewe ndiye uliyeanguka mtihani," akasema. Watu wote uani wakasikia.

"Ndiyo, baba. Nilianguka katika hili hili. Ndiyo maana nikabaki kujifunza."

Alinitazama. Kisha akaingia ndani, akatoka na koti lake kubwa la mvua, akaenda akamfunika Agnesi miguu. "Nendeni," akasema.

Mengine unayajua. Vijana walikwenda mbio wakipokezana hadi barabara kuu, tukapata lori, tukafika Kibondo. Wewe ulitufuata na kikapu changu cha vifaa, nilipogeuka barabarani nikakuona umening'inia nyuma ya lori, nikakosa hata nguvu ya kukukemea. Agnesi alipona. Yule msichana wake sasa anasoma darasa moja na binti wa shangazi yako.

Siku ya pili tulirudi wawili. Lori lilituacha njia panda tukatembea, na kimya chako kilikuwa cha namna nyingine. Tulipofika kwenye ile miombo mikubwa, ukaniuliza swali lako la kwanza tangu nirudi kutoka Kasulu.

"Mama, kwa nini ulimpigia magoti yule mzee? Yeye ndiye aliyemwambia kila mtu kwamba umefeli."

Nikakuambia, "Tembea, mwanangu, jua linakuchwa." Ukanipa mkono wako nikaushika, tukaenda hivyo hadi nyumbani, lakini jibu sikukupa. Sikuwa nalo tayari. Ulikuwa na hasira kwa ajili yangu, na mimi nilikuwa na furaha mno ya kuona kwamba bado una hasira kwa ajili yangu.

Jibu ni hili. Pale uani sikuona aibu. Nilitafuta aibu yangu, sikuiona. Niliimaliza yote Kasulu, mbele ya kikapu, mbele ya wasichana dirishani, mbele ya Bibi Nyabenda, mahali ambapo kuaibika hakumwui mtu. Kama Bi Perpetua angenihurumia, akanipa cheti kwa sababu ya alama zangu na asali ya mzee, ningeingia uani mwa Buchumi na kiburi changu kizima, ningesimama, na pengine hata ningevuta. Sijui. Nashukuru kwamba sijui.

Basi utakapofika huko, siku ya kwanza waulize wakufunzi wako wanataka uweze kufanya nini. Uliza kwa adabu, lakini uliza. Wakikuambia "ujue", uliza tena. Na ikitokea siku moja wewe ndiye unayeshika kalamu ya kupima wengine, na nadhani itatokea, waambie mapema utakachopima, kisha usimwonee mtu huruma ya cheti. Mwonee huruma ya muda. Kaa naye msimu mzima, umimine maji kwenye khanga pamoja naye.

Naisikia sauti yako njiani, unacheka na shangazi yako, na kama ninavyomjua amekubebesha kuku. Naificha barua hii katikati ya sketi zako. Uisome treni ikishapita Tabora, mahali ambapo huwezi tena kushuka ukarudi kunibishia. Nainuka kukupashia chakula, ingawa najua umeshiba, na wewe utakula, ingawa umeshiba.

Mama yako,
Felista